Kumvua Farasi Viatu vya Chuma na Kumzoesha Kwato Tupu kwa Msaada wa Buti

Kung'oa viatu vinne vya chuma ni kazi ambayo fundi stadi huimaliza ndani ya saa moja. Kinachochukua muda ni ukwato wenyewe. Ukuta wa ukwato hukua kwa wastani wa milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, ukianzia juu pale nywele zinapoishia, na kwa upande wa mbele huhitaji miezi 9 hadi 12 kufika chini. Kwa hiyo matundu ya misumari, nyufa na sehemu dhaifu zilizopo leo zitaondoka kwa kukua tu, si kwa dawa wala kwa mafuta ya kupaka. Mwenye farasi anayetaka kumvua viatu mwanzoni mwa mwezi na kumpeleka mashindanoni mwishoni mwake hajaielewa kazi aliyojitwika.

Mwongozo huu unamhusu zaidi farasi ambaye wenye mazizi wa Nairobi, Naivasha na Nanyuki wanamfahamu vizuri, yaani Thoroughbred, farasi wa uzao wa mbio, aliyestaafu mbio za Ngong akapata mwenyeji mpya wa kumpanda kwa matembezi, kwa kuruka vizuizi au kwa polo. Farasi wa namna hii huanza kuvishwa viatu akiwa na umri wa karibu miaka miwili, kabla sehemu ya nyuma ya ukwato wake haijakomaa, na matokeo yake huonekana baadaye: wayo mwembamba, visigino vya chini au vilivyobanana, na ncha ya mbele iliyorefuka kupita kiasi. Poni na farasi chotara mara nyingi huwa na kwato ngumu zaidi na hupita hatua hizi upesi, lakini utaratibu ni uleule.

Wako wanaouliza kwa nini punda wa Lamu abebe mawe na saruji maisha yake yote bila kiatu, ilhali farasi ahitaji uangalizi wote huu. Punda huyo amekanyaga ardhi ngumu tangu alipozaliwa, hajasimama kutwa nzima juu ya matandiko laini, na ukwato wake kwa maumbile umesimama wima zaidi na una unyumbufu zaidi kuliko wa farasi. Kumpima Thoroughbred kwa kipimo cha punda ni kumwonea.

Kwa nini maumivu hayajengi ukwato

Ukiuinua mguu na kuusafisha, utaona ukuta mgumu unaozunguka nje, wayo uliopinda kidogo kuelekea ndani, na katikati kabari nene yenye unyumbufu kama mpira, ambayo huanzia kwenye visigino na kuchongoka kuelekea mbele. Juu ya kabari hiyo, ndani ya ukwato, kuna mto wa nyama ngumu na gegedu unaopokea kishindo kila farasi anapokanyaga. Ukwato usio na kiatu hupanuka kidogo unapobeba uzito na kurudi unapoinuliwa. Kiatu cha chuma kilichopigiliwa misumari hupunguza upanukaji huo na huinua kabari mbali na ardhi, na mto wa nyuma ambao haufanyi kazi kwa miaka hubaki mdogo na dhaifu.

Farasi asiye na maumivu, akitembea kwenye ardhi tambarare, hutua kwa kisigino kwanza au kwa ukwato mzima kwa pamoja. Farasi anayeumia sehemu ya nyuma ya ukwato hutua kwa ncha kwanza ili kuikwepa sehemu hiyo, na kwa kufanya hivyo huinyima kabari na mto wa ndani mgandamizo ule ule ambao ungeviimarisha. Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kumwacha farasi aliyetoka kuvuliwa viatu achechemee kwenye barabara ya murramu eti azoee. Hazoei. Anajifunza mwendo mbaya, misuli ya mabega inakakamaa, na ukwato unabaki ulivyo. Buti, yaani viatu vya kuvalisha na kuvua bila misumari, ni kwa ajili ya jambo hili: zinamwezesha atue kwa kisigino bila woga tangu siku ya kwanza, na mwendo huo ndio unaojenga ukwato.

Simu yoyote inayopiga video ya mwendo wa polepole inatosha kulichunguza hili. Iweke chini, karibu na usawa wa ardhi, saisi amtembeze farasi mbele yake kwa ubavu, kisha utazame ni sehemu ipi inayogusa ardhi kwanza. Rekodi video ya aina hiyo kabla ya kuanza, halafu kila baada ya fundi kuja, pamoja na picha za kila ukwato kutoka mbele, ubavuni na chini. Kumbukumbu ya kichwani huwa inadanganya katika mambo ya taratibu kama haya.

Maandalizi kabla ya fundi kuitwa

Mwite kwanza daktari wa mifugo. Picha ya eksirei iliyopigwa kwa ubavu humwonyesha unene wa wayo chini ya ncha ya mfupa ulio ndani ya ukwato. Milimita 15 ni unene wa kuridhisha, na ukiwa chini ya milimita 10, farasi huyo atahitaji buti zenye pedi, au povu la kufunga hadi buti zifike, tangu saa ile viatu vinapotoka. Farasi mwenye historia ya laminaitisi, yaani uvimbe wa tishu zinazoushikilia ukuta kwenye mfupa, au mwenye ugonjwa wa mfupa wa nyuma ya ukwato, asivuliwe viatu kwa uamuzi wa mwenye farasi na fundi peke yao. Hakikisha pia kwamba chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati, kwa sababu majipu ya ukwato ni ya kawaida katika kipindi hiki.

Lishe ianze kurekebishwa wiki sita au nane kabla. Farasi wa mbio hulishwa nafaka nyingi, na wanga na sukari ikizidi humletea farasi asiyefanya kazi nzito unyeti wa nyayo hata pale ambapo laminaitisi haijajitokeza waziwazi. Punguza shayiri na chakula chenye molasi kidogo kidogo ndani ya wiki mbili hivi, ukijaza pengo hilo kwa nyasi kavu. Nyasi za Boma Rhodes zilizokatwa vizuri zinafaa kuwa msingi wa mlo, na lusini iongezwe kwa kiasi. Majani machanga yanayochipua baada ya mvua huwa na sukari nyingi, kwa hiyo farasi mnene asiachiwe malishoni kutwa nzima katika wiki hizo. Pale ambapo malisho ni majani ya Kikuyu, kumbuka kwamba yana oksaleti zinazozuia kalisi isifyonzwe, na mshauri wako wa lishe anapaswa kulijua hilo. Shaba na zinki ndiyo madini yanayopungua zaidi katika nyasi kavu, na biotini, aina ya vitamini, ya miligramu 20 kwa siku husaidia ukuta mpya, ingawa faida yake haionekani kabla ya miezi kadhaa kupita.

Kuhusu majira, maoni yangu ni kwamba katika nyanda za juu za Kenya, na vivyo hivyo kwa Arusha, wakati mzuri ni Juni, masika yanapokwisha. Wakati wa mvua ukwato hulowa, wayo hulainika na huchubuliwa na kila jiwe. Januari na Februari ardhi hukauka ikawa ngumu mno, na ukuta wenye matundu ya misumari humeguka ovyo. Juni udongo bado una ulaini lakini unaendelea kukauka, na kwato hukauka nao. Kwa farasi wanaotembezwa kwenye mchanga wa pwani jambo hili halina uzito mkubwa.

Si lazima miguu yote minne ivuliwe siku moja. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa farasi aliyesimama, na kwa hiyo fundi wengi waangalifu huvua ya nyuma kwanza, wakaiacha ya mbele hadi zamu moja au mbili za ukataji wa kwato zipite. Kwa Thoroughbred mwenye wayo mwembamba ningefuata njia hiyo bila kusita.

Siku ya kung'oa

Fundi azisugue kwa tupa ncha za misumari zilizokunjwa hadi ziishe, kisha autoe msumari mmoja mmoja. Kukibandua kiatu chote kwa koleo kwa nguvu huondoka na vipande vya ukuta, na vipande hivyo ndivyo farasi anavyovihitaji zaidi katika miezi ijayo.

Ukataji unaofuata uwe wa kuhifadhi. Visigino visawazishwe, ncha iliyorefuka irudishwe nyuma, na ukingo wa nje wa ukuta uviringwe kwa tupa pande zote ili usiwe na ncha kali ya kumeguka. Wayo usiguswe kwa kisu, na kabari iondolewe tu vile vipande vilivyolegea vinavyoficha uchafu. Hapa ndipo mwenye farasi anapopaswa kuwa na msimamo, kwa maana mafundi wengi waliojifunza kazi kwa kutayarisha ukwato upokee chuma wamezoea kuuchonga wayo hadi ung'ae. Wayo uliong'arishwa unapendeza machoni, lakini kila milimita iliyochongwa ni kinga iliyoondolewa, na itachukua wiki nyingi kurudi. Mweleze fundi mapema, kwa heshima, kwamba kazi ya leo si ya kuandaa kiatu.

Kuchagua buti na kuzizoesha

Usinunue buti kabla ya viatu kutoka, kwa sababu vipimo vya ukwato wenye kiatu havifai. Pima mara baada ya ukataji, kwa milimita, upana mahali ukwato ulipo mpana zaidi na urefu kutoka ncha ya mbele hadi mahali ukuta wa kisigino unapoishia. Nyama laini inayojitokeza nyuma ya kisigino haihesabiwi, na kosa hili moja ndilo linalofanya watu wengi waagize saizi kubwa. Pima kila mguu peke yake, kwani ukwato wa mbele huwa wa duara na wa nyuma huchongoka kidogo, na si ajabu kulia na kushoto kutofautiana. Kisha linganisha na jedwali la mtengenezaji, kwa kuwa saizi ya 3 ya kampuni moja si saizi ya 3 ya nyingine. Easyboot za Marekani, Cavallo za Kanada na Scoot Boot za Australia kila moja ina umbo lake, na farasi anayeteseka na aina moja anaweza kutulia kabisa na nyingine.

Buti hizi huagizwa kutoka nje, na bei ya jozi, kabla ya usafirishaji na ushuru, mara nyingi huzidi dola 150. Kwa sababu hiyo ningependekeza uulize kwanza mazizi ya jirani kama yuko mwenye saizi unayoweza kuazima na kujaribu. Kumbuka pia kwamba visigino vilivyobanana hufunguka katika miezi ya mwanzo na ukwato hubadilika umbo, hivyo jozi ya kwanza isiwe ile ya bei ya juu inayobana ukwato kwa usahihi mkubwa, bali ile yenye mikanda inayoweza kulegezwa na kukazwa. Wakati buti ziko njiani, kipande cha povu gumu, lile ambalo mafundi viatu hutengenezea malapa, kikikatwa kwa umbo la wayo na kufungwa kwa bendeji na utepe mpana wa gundi, kitamhifadhi farasi kwa saa kadhaa hadi siku nzima akiwa kwenye ardhi kavu.

Buti iliyokaa vizuri huingia kwa kusukumwa kidogo, na ukiushika mguu ulioinuliwa ukajaribu kuizungusha kwa mkono haigeuki. Pasiwepo nafasi kati ya ncha ya ukwato na buti, na kidole kimoja kipite chini ya mkanda wa juu. Mara ya kwanza farasi huinua miguu juu kwa mashaka, jambo ambalo hupita baada ya hatua chache. Mtembeze dakika 10 hadi 15, vua, na upapase sehemu ya nyuma ya kisigino na juu pale nywele zinapoanzia. Joto, unyevu au nywele zilizolala vibaya ni dalili ya mchubuko unaoanza, na mchubuko mdogo wa leo utakuzuia kuzitumia kwa wiki mbili. Iwapo hakuna dalili, ongeza muda siku kwa siku, kisha mizunguko, kisha mchakamchaka kwenye tambarare, na mwishowe vilima. Shoti iwe ya mwisho kabisa.

Pedi za povu za milimita 6 au 12 zinazowekwa ndani ya buti ndizo humfaa farasi mwenye wayo mwembamba. Anza na nene, na uzibadilishe zinapobonyea, kwa sababu pedi iliyobonyea haina kazi.

Buti zina mipaka yake. Kwenye majani yaliyolowa huteleza, na udongo mweusi unaonata, ambao wapandaji wa Nairobi wanaujua, unaweza kuzivuta zikabaki shimoni. Zisivaliwe usiku kucha zizini isipokuwa daktari ameagiza, na farasi anayezivaa malishoni avuliwe angalau mara moja kwa siku ili kwato zipate hewa. Zioshwe, zikaushwe kivulini, na poda ya miguu inyunyizwe ndani kabla ya kuvaliwa tena. Zipo pia buti za kugandishwa kwa gundi, ambazo farasi kadhaa wamezivaa hadi mwisho wa Tevis Cup, mashindano ya kilomita 160 kwa siku moja milimani California, lakini ugandishaji wake unahitaji mkono uliofundishwa na hauwahusu wanaoanza.

Miezi inayofuata

Katika wiki mbili za kwanza farasi atembezwe kwa mkono akiwa na buti, dakika 15 au 20 mara moja au mbili kwa siku, na malishoni aende kwato tupu iwapo tu anatembea kwa hiari. Baada ya hapo anaweza kupandwa akiwa na buti. Anapokuwa anatua kwa kisigino kila hatua, anza kumvua buti katika dakika chache za mwisho za matembezi, kwenye ardhi nzuri, na uongeze kipande hicho taratibu. Akifupisha hatua au akitafuta majani ya kando ya barabara, rudisha buti bila kungoja. Kuzunguka birika la maji unaweza kumwaga kokoto za mtoni zilizo laini, ndogo kama mbegu za mbaazi, kwa kina cha sentimita 10 hivi, ili kila anapokwenda kunywa nyayo na kabari zipate kukandwa bila kuumizwa.

Fundi aje kila wiki nne, tano zikizidi. Ukuta utameguka kwenye matundu ya misumari, na jambo hili huwatisha watu bure maadamu mmeguko hauingii ndani ya mstari mweupe unaotenganisha ukuta na wayo. Dawa yake ni kuviringa ukingo tena kwa tupa. Cha kuangalia zaidi ni sehemu ya juu ya ukuta, chini tu ya nywele: baada ya miezi miwili au mitatu, ukuta mpya uliokaza zaidi utaonekana ukishuka kwa pembe tofauti na ule wa zamani, na pembe hiyo ndiyo sura ya ukwato utakaokuwa nao mwakani.

Kuoza kwa kabari ndiko kunakochelewesha farasi wengi kuliko jambo jingine lolote, na mara nyingi hakutambuliwi kwa kuwa harufu yake imezoeleka. Mfereji wa katikati ya kabari, kwa nyuma, unapaswa kuwa bonde pana lisilo na kina. Ukiwa ufa mwembamba unaomeza ncha ya kijiti, pana maambukizi, na farasi huyo hatatua kwa kisigino hata umpe buti gani. Safisha kila siku, kausha, na uingize pamba yenye malhamu ya zinki oksidi iliyochanganywa na salfeti ya shaba kidogo. Fomalini, jiki isiyozimuliwa na oili chafu ya gari visikaribie ukwato, kwani viwili vya kwanza huunguza tishu hai na cha tatu hufungia uchafu ndani.

Farasi akiamka siku moja hawezi kabisa kukanyaga mguu mmoja, ukwato una moto na mshipa ulio nyuma ya kifundo unapiga kwa nguvu, inaelekea ni jipu. Linatisha kwa sura, ila likitumbuliwa na daktari, mguu ukalowekwa katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom na kufungwa vizuri, nafuu huja ndani ya siku chache, na buti hapo hutumika kuilinda bendeji. Moto na mapigo ya nguvu katika miguu miwili ya mbele kwa pamoja ni jambo jingine: hiyo inaweza kuwa laminaitisi, na daktari aitwe saa ileile.

Ikiwa mwaka mzima umepita na farasi bado hawezi kutembea tambarare bila buti, piga eksirei nyingine na umwombe daktari apime insulini katika damu, kwa sababu matatizo ya homoni hujificha nyuma ya nyayo zenye unyeti. Wengine huishi vizuri kwato tupu malishoni na kwa buti kila wanapopandwa, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Wako pia ambao kazi yao, kama vile msimu mrefu wa polo, huwarudisha kwenye chuma. Farasi wa namna hiyo apewe angalau miezi miwili au mitatu ya kwato tupu kila msimu unapokwisha, na buti zake zitunzwe zikiwa safi na kavu, mbali na panya, kwani hizo hizo ndizo atakazovishwa siku kiatu kitakapong'oka njiani na nyumbani kungali mbali.